Juri kwa wenyeji enzi za mkoloni: maswali yanayoulizwa sana

Haya maswali yanarudi kila tunapogusa historia ya mahakama zetu, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Nimeanzia mbali kidogo, Sri Lanka, sababu huko Mwingereza aliwapa wenyeji juri mapema sana, halafu nimepita India ndo nikafika kwetu. Wanaotaka Kenya na Tanganyika tu wanaweza kuruka mpaka katikati, ila watakosa ushahidi.

Juri ni kitu gani hasa?

Ni raia wa kawaida, sio majaji wala mawakili, wanaitwa wakae mahakamani wasikilize kesi mwanzo mpaka mwisho afu wao ndo waseme mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji anawaelekeza kwenye sheria na kusimamia utaratibu, wakisema ana hatia yeye anapanga adhabu. Wakisema hana hatia mtu anaenda kwake, jaji apende asipende. Magazeti yetu huwa yanaandika baraza la wazee wa mahakama, wengine jopo, mimi hapa nitasema juri tu. Hilo la apende asipende mlishike vizuri, tutalihitaji tukifika Nairobi.

Kwani ni kweli Waingereza waliwapa watu waliowatawala nguvu kama hiyo?

Kweli kabisa, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kisiwa cha Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo, Waingereza walichukua pwani yake kutoka kwa Waholanzi mwaka 1796, huku milimani ufalme wa Kandy ukabaki unajitawala mpaka 1815. Mwaka 1811 mahakama ya juu ya hiyo pwani ikaanza kutumia hati mpya ya mfalme iliyoruhusu kesi za jinai za wenyeji kusikilizwa na juri la wenyeji wenzao, Wasinhala, Watamil, Waislamu, pamoja na Waburgher ambao ni vizazi vya Waholanzi waliobaki. Mwaka 1811 jamani! Wakati huo Mombasa iko chini ya Mazrui, Seyyid Said bado hajahamia Zanzibar, na Berlin hakuna anayewaza kuigawa Afrika.

Nani alileta wazo hilo?

Alexander Johnston, Mskochi aliyezaliwa 1775. Utoto wake mwingi aliupitisha Madurai kusini mwa India ambako baba yake alikuwa kazini, akaokota Kitamil na lugha nyingine za kule akiwa bado mtoto. Akasomea sheria London, akapata kazi ya mwanasheria wa serikali Ceylon na baadaye akawa Jaji Mkuu. Mwaka 1809 alienda Uingereza kuwashawishi wakubwa wabadilishe mfumo wa mahakama wa kisiwa, akarudi na hati mkononi.

Kinachonifanya nimchukulie kwa uzito ni kwamba aliuliza kwanza. Kabla ya kupeleka mapendekezo alikaa na viongozi wa kila jamii na kila tabaka, watu wa dini na wakuu wa vijiji, akawauliza kama wanautaka utaratibu huu na uweje ili uendane na mila zao. Alikuwa na desturi hiyo, maana mwaka 1806 ndo zilikusanywa sheria za Waislamu wa kisiwa hicho kwa msaada wa Waislamu wenyewe, na mila za Watamil wa Jaffna zinazoitwa Tesawalamai zikapewa nguvu ya sheria mwaka huo huo. Alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni, hilo lisisahaulike, ila ni mtumishi aliyejua majina na lugha za watu anaowahukumu, na wa aina hiyo walikuwa wachache.

Alitaka nini hasa? Huruma tu?

Sababu zake ziko wazi na zimechanganyika. Moja, alisema jaji Mzungu hawezi kumsoma shahidi wa Kisinhala au Kitamil, hajui ukoo gani una ugomvi na ukoo gani, hajui kiapo gani mtu anakiogopa kweli na kipi anakitamka mdomoni tu, na mtu wa pale pale anajua. Mbili, watu wakishiriki kutoa hukumu wataona mahakama ni yao na uongo wa kizimbani utapungua. Tatu, na hii ndo ya kisiasa, mtu uliyempa heshima ya kuamua atakuwa mtiifu kwa serikali iliyompa heshima hiyo. Ongeza na suala la gharama, majaji Wazungu walikuwa wachache na ghali.

Kwa hiyo ukiniuliza ilikuwa haki au ujanja wa kutawala nitakwambia vyote viwili vilikuwa ndani ya hati moja, na sioni faida ya kuvitenganisha kwa nguvu. Mshtakiwa aliyeachiwa na watu wa kwao aliachiwa kweli, hata kama aliyebuni utaratibu alikuwa anaifikiria dola yake.

Juri lenyewe lilikuwaje?

Watu 13, sio 12 kama Uingereza. Na hawakulazimika kukubaliana wote, hukumu ilikuwa ya walio wengi, na kwa kuwa ni 13 haiwezi kutokea sare. Mshtakiwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na watu wa jamii na tabaka lake, Mwislamu na Waislamu wenzake, Mtamil wa tabaka fulani na watu wa tabaka hilo. Wajumbe waliruhusiwa kumhoji shahidi wenyewe, hawakukaa kimya tu kama wanavyokaa kwenye nchi nyingi leo.

Hiyo ya tabaka ilikuwa na ubaya wake. Iliondoa hofu ya mtu wa chini kuhukumiwa na watu wa juu wanaomdharau, ila pia iliyachora matabaka ndani ya daftari la mahakama, serikali ikawa inaandika nani ni wa tabaka gani kana kwamba ni jambo la kisheria. Ilibidi zipite kama miaka 30 ndo mgawanyo wa tabaka ukaondolewa kwenye orodha za juri, na baadaye ukabaki wa lugha, juri la wanaojua Kiingereza, la Kisinhala, la Kitamil.

Na Kandy milimani haikuguswa mwanzoni. Hata baada ya ufalme ule kuanguka 1815 kule kesi ziliendelea kusikilizwa na maofisa wa Kizungu huku machifu wakitoa ushauri. Ni mpaka 1833 ndo kisiwa kizima kikawekwa chini ya mahakama kuu moja. Kumbukeni hiyo ya machifu kutoa ushauri, mtaiona tena.

Kuna kesi yoyote inayoonesha wenyeji waliiweza kazi?

Ipo moja ambayo Johnston alikuwa anaisimulia sana. Kesi ya mauaji kaskazini mwa kisiwa, mshtakiwa ni Mhindu wa familia kubwa, juri ni Mabrahmin 13, yaani watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu. Mashahidi wa upande wa mashtaka wakaja mmoja baada ya mwingine, maelezo yao yanalingana, Johnston anasikiliza na kuona jambo limeisha, huyu kaua. Mjumbe mmoja wa juri, kijana msomi, akaomba kuuliza maswali. Akaanza na shahidi mmoja, akamzungusha, akarudi kwa mwingine, akawabana kwenye vitu ambavyo mgeni asingefikiria kuuliza, mpaka mambo yakaanza kugongana na ikatoka kwamba ni njama iliyopangwa ya kumtoa yule mtu njiani. Juri likamwachia.

Fikirieni jaji aliyesoma London, anayejua lugha ya pale, mtu mwenye nia njema, alishamwona mtu ana hatia na angemnyonga. Aliyeokoa maisha ya yule mtu ni mjumbe aliyejua maisha ya watu wake. Mimi hii kesi ndo inaniuma nikiiweka karibu na zile za Nyeri ambazo tutazifikia.

Nimesikia juri la Ceylon lilihusika na kukomesha utumwa, ni kweli?

Kwa sehemu. Mwaka 1816 wamiliki wa watumwa wa Colombo na sehemu nyingine za pwani, wengi wao Waburgher ambao walikuwa kwenye orodha za juri, walikubaliana kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa na watumwa wao kuanzia tarehe 12 Agosti 1816 atakuwa huru. Tarehe hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mrithi wa mfalme aliyekuwa anaongoza Uingereza kwa niaba ya baba yake. Johnston alikuwa nyuma ya jambo hilo na aliliunganisha moja kwa moja na juri, kwamba watu waliopewa heshima ya kuamua uhuru wa wenzao waliona haya kuendelea kurithishana binadamu.

Sasa tusilipambe sana. Mama zao walibaki watumwa. Utumwa wenyewe kisheria ulikuja kufutwa Ceylon mwaka 1844, yaani miaka 28 baadaye.

India ilikuwaje?

India walichelewa na wakapewa nusu nusu. Mwaka 1825 waziri aliyesimamia mambo ya India, Charles Wynn, aliandikiana na Johnston kutaka kujua uzoefu wa Ceylon, na 1826 ikatoka sheria ya juri kwa miji mitatu, Calcutta, Madras na Bombay. Ikaruhusu Wahindu na Waislamu kukaa kwenye juri, lakini ikawazuia kumhukumu Mkristo yeyote. Mkristo yeye aliruhusiwa kumhukumu Mhindu na Mwislamu bila shida. Na lile juri kubwa linaloamua kama mtu ashtakiwe au asishtakiwe wakafungiwa kabisa.

Rammohun Roy, msomi na mpigania mageuzi wa Calcutta, akawaka. Ikapelekwa petisheni Bungeni London imesainiwa na Wahindu na Waislamu kwa pamoja, wakisema wazi kwamba sheria hii inawafanya wageni kwenye nchi yao. Ilichukua mpaka 1832 kurekebishwa. Kwa hiyo mtu akikwambia haki hizi zilitolewa tu na wema wa London mwambie aangalie petisheni zilizokuwa zinapanda meli.

Je juri lenye wenyeji liliwahi kumwokoa mpigania uhuru?

Mfano mzuri wa kujibu hili ni Bal Gangadhar Tilak, mwandishi na mwanasiasa aliyeshtakiwa Bombay kwa uchochezi kupitia gazeti lake. Kesi ya kwanza 1897, juri watu tisa, Wazungu sita na Wahindi watatu. Sita wakasema ana hatia, watatu wakasema hana. Akafungwa miezi 18. Kesi ya pili 1908, Wazungu saba na Maparsi wawili, ndo Wahindi wenye asili ya Uajemi, saba kwa wawili, akapewa miaka sita akaitumikia Mandalay huko Burma. Maandishi yenyewe yalikuwa ya Kimarathi, na waliokuwa wengi kwenye juri walitegemea tafsiri ya mahakama kujua mtu kaandika nini.

Hapo unaona juri linaweza kuwepo, wenyeji wakawepo ndani yake, na bado matokeo yakajulikana kabla watu hawajaketi. Anayepanga idadi ya viti ndo kashapanga hukumu.

Kwanini Wazungu walikazania hivyo wahukumiwe na Wazungu wenzao?

Hapa kuna tukio moja la India ambalo lina mkono wake mpaka kwetu. Mwaka 1883 serikali ya gavana mkuu Ripon ilileta muswada, uliandaliwa na Courtenay Ilbert, wa kuruhusu majaji Wahindi walio nje ya miji mikubwa kusikiliza kesi za jinai za Wazungu. Walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu, hasa wenye mashamba ya chai na nili, wakalipuka, mikutano, matusi kwenye magazeti, vitisho. Serikali ikarudi nyuma, na Januari 1884 wakafikia maafikiano kwamba Mzungu akishtakiwa anaweza kudai juri ambalo angalau nusu yake ni Wazungu au Wamarekani.

Miaka michache baadaye, 1897, Waingereza walipopanga mahakama za eneo lao la Afrika Mashariki walibeba sheria za India, kanuni ya adhabu ya India pamoja na utaratibu wake wa jinai. Ndo maana sheria nyingi za zamani za Mombasa na Nairobi zina harufu ya Bombay. Tatizo wakachagua cha kubeba.

Haya, sisi Kenya tulipewa nini?

Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri, na juri lenyewe ni la Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na washauri, wazee wa baraza kama wengi tunavyowaita, kwa kawaida watatu. Mhindi wa Kenya naye hakuwekwa kwenye fungu la Mzungu pamoja na kwamba sheria zilitoka kwao.

Tofauti ya juri na wazee wa baraza watu wengi hawaioni haraka kwa hiyo ngoja niieleze hatua kwa hatua. Upande wa mashtaka unamaliza, utetezi unamaliza, jaji anawafupishia washauri ushahidi, mara nyingi kupitia mkalimani. Kisha anamgeukia mmoja mmoja, wewe unaonaje, ana hatia au hana, na anaandika jibu la kila mmoja kwenye karatasi zake. Baada ya hapo anakwenda kuandika hukumu, na sheria inasema halazimiki kufuata walichosema. Watatu wote wanaweza kusema huyu hana hatia na jaji akamnyonga, na kwenye sheria hakuna kosa lililofanyika.

Yaani ni ule ule utaratibu wa machifu wa Kandy. Walichokiacha nyuma ni ule wa Colombo.

Juri za walowezi zilihukumuje Mzungu aliyeua Mwafrika?

Nitawapa tatu, na ya katikati nitaieleza kwa urefu.

Galbraith Cole, mlowezi mkubwa, shemeji yake Lord Delamere aliyekuwa kiongozi wa walowezi, 1911 alimpiga risasi akamuua Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Juri la walowezi likamwachia. London ikaona aibu, ikaamuru afukuzwe nchini, yaani serikali ililazimika kutumia amri ya kiutawala sababu mahakama yake yenyewe ilishindwa.

Ya pili ni Kitosh. Mwaka 1923, Molo, kijana mfanyakazi wa shamba aliambiwa ampeleke farasi jike, na alitakiwa atembee naye, asimpande. Akaonekana amempanda. Mwajiri wake, Jasper Abraham, akamchapa, kisha akafungwa kamba na kuachwa stoo usiku. Akafa. Kesi ikaenda Nakuru mbele ya juri la walowezi. Utetezi ukaleta hoja ya kidaktari kwamba kilichomuua sio kipigo peke yake, kwamba yeye mwenyewe alitamani kufa, alikata tamaa ya kuishi. Na hiyo hoja ikapita! Juri likasema hatia ni ya kumuumiza vibaya, mauaji hayakuwepo, na Abraham akapata kifungo cha miaka miwili. Mtu amefungwa kamba, amepigwa, hana wa kumfungulia, halafu watu wazima wanakaa na kujadili kama alikuwa na hamu ya kuishi. Sijui mzazi gani wa Kitosh angeisikiliza hoja hiyo kwa lugha yoyote.

Ya tatu ni Peter Poole. Oktoba 1959 Nairobi alimuua Kamawe Musunge kwa risasi, ugomvi ulianzia kwa mbwa wake. Juri, la Wazungu pia, likamkuta na hatia, akanyongwa tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Uhuru ulikuwa unabisha hodi na kila mtu aliona. Nawapa wale wajumbe haki yao, waliapa na wakafuata ushahidi. Lakini imechukua nusu karne kufika hapo.

Na kesi za Mau Mau? Kimathi alihukumiwa na nani?

Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri Novemba 1956 na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu Waafrika. Washauri wote walisema ana hatia, jaji akakubaliana nao, akanyongwa 18 Februari 1957. Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria hata washauri hawakuwepo, ilikuwa hakimu mmoja, Ransley Thacker, basi.

Kuna wanaosema, si unaona Waafrika wenyewe walimhukumu Kimathi? Hapana. Washauri waliochaguliwa na serikali, katikati ya hali ya hatari, mji umejaa askari, na maoni yao hayana nguvu ya kumwachia mtu. Mtu ambaye hawezi kuokoa huwezi kumbebesha kwamba ndo alinyonga. Kwenye mahakama maalumu za kipindi hicho walinyongwa watu zaidi ya 1,000, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye roho yake iliwekwa mikononi mwa juri la watu wake.

Walisema Waafrika hawajawa tayari. Je kulikuwa na ukweli?

Hii ndo sababu nilianzia Sri Lanka. Serikali ile ile, ofisi ile ile ya makoloni London, ilikuwa na kumbukumbu za miaka 100 zinazoonesha wakulima, wafanyabiashara na wasomi wa koloni wakisikiliza kesi za mauaji na kuziamua vizuri, wengine bila kujua neno la Kiingereza. Tena sio Asia tu. Gold Coast, Ghana ya sasa, kulikuwa na juri lenye Waafrika kwenye miji ya pwani. Cape kule Afrika Kusini sheria ya juri ya 1831 haikuandika rangi, ingawa orodha zilijaa Wazungu sababu ya masharti ya mali. Freetown, Sierra Leone, watu weusi waliotoka utumwani walikaa kwenye juri tangu miaka ya mwanzo ya makazi yale.

Kwa hiyo hoja ya kutokuwa tayari aliyekuwa anaitoa Nairobi alikuwa na majibu kwenye kabati lake. Kilichotofautisha ni walowezi. Ceylon hawakuwepo walowezi wenye kura na magazeti wa kuogopa siku mmoja wao atakaposimama mbele ya Waafrika 12, Kenya walikuwepo na walisikilizwa.

Tanganyika, Zanzibar na Kongo je?

Wakati wa Mjerumani bwana mkubwa wa wilaya alikuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu, na adhabu ikawa viboko, hamsa ishirini wazee wetu wameisimulia vya kutosha. Alipoingia Mwingereza Tanganyika ikapata utaratibu wa jaji na wazee wa baraza kama Kenya. Zanzibar nako sheria za India zilitumika miaka mingi.

Kongo inasikitisha zaidi kwa namna yake. Ubelgiji katiba yake ya 1831 iliweka juri kwa makosa makubwa, Mbelgiji wa Brussels aliona ni haki yake ya msingi, lakini haikupanda meli kwenda Léopoldville, ndo Kinshasa ya leo.

Baada ya uhuru kwanini hatukuanzisha juri?

Serikali mpya zilirithi majaji, vitabu na majengo, na wazee wa baraza wakarithiwa nao. Juri kwa Mwafrika wa kawaida lilikuwa kitu alichokiona kwa mbali kama fursa ya Wazungu, hakuna aliyeandamana kulidai. Na viongozi waliona nchi mpya, makabila mengi, lugha nyingi, tutawapata wapi watu wasio na upande? Hofu hiyo siidharau.

Ila Tanzania kuna jambo moja zuri ambalo halisemwi vya kutosha. Kwenye mahakama za mwanzo, kwa miaka mingi baada ya uhuru, washauri walipiga kura sawa na hakimu, uamuzi ni wa walio wengi, yaani wazee wawili wakikubaliana wanamshinda hakimu. Hilo Mwingereza hakuwahi kutupa.

Leo hali ikoje?

Kenya iliwafuta washauri wa Mahakama Kuu mwaka 2007. Uganda bado wapo. Tanzania marekebisho ya miaka ya karibuni yameondoa ulazima wa kuwa nao kwenye kesi za Mahakama Kuu. Ghana juri lipo, watu saba, na limeandikwa kwenye katiba ya 1992. Afrika Kusini walilifuta 1969.

India lilikufa taratibu. Wengi wanataja kesi ya Kamanda Nanavati ya 1959, aliyemuua mpenzi wa mkewe na juri la Bombay likamwachia kwa kura nane kwa moja kabla mahakama ya juu haijaipindua hukumu, lakini tume ya sheria ilishapendekeza juri lifutwe mwaka mmoja kabla ya hapo, 1958. Sheria ya utaratibu wa jinai ya 1973 haikulitaja tena.

Na Sri Lanka lilikoanzia bado lipo kwenye vitabu, halitumiki sana. Desemba 2016 juri la wanaoongea Kisinhala liliwaachia washtakiwa wote wa mauaji ya Nadarajah Raviraj, mbunge Mtamil aliyeuawa Colombo 2006. Watamil wengi waliumia sana, na wana haki ya kuuliza kwanini kesi ile haikusikilizwa na watu waliochanganyika. Juri la jamii moja lilimwokoa Mhindu yule wa kaskazini miaka 200 iliyopita, na hapa juri la jamii moja limeacha swali ambalo halijafungwa.

Wewe ungependa tuwe na juri?

Kwa kesi za mauaji, ndiyo, na liwe limechanganyika kabila, dini na jinsia, majina yachaguliwe kwa kura hadharani, na wajumbe waruhusiwe kumhoji shahidi kama walivyoruhusiwa Ceylon. Najua italeta gharama na najua rushwa itajaribu kuingia. Lakini rushwa kwa mtu mmoja ni rahisi kuliko kwa 13.

Babu yangu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, naweza kupata kumbukumbu zake?

Inawezekana. Kenya anza na Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki katikati ya Nairobi, Tanzania ni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Zanzibar ni Kilimani, na mafaili yaliyopelekwa ofisi ya makoloni yapo Kew, London. Nenda na jina la mshtakiwa kama unalijua, mwaka na mji wa mahakama, maana mafaili yamepangwa kwa kesi, jina la mshauri peke yake halitakufikisha mbali. Ukilipata faili usianze na hukumu, rudi kurasa chache nyuma pale jaji anapomaliza kufupisha ushahidi, ndipo majibu ya washauri yalipoandikwa mmoja mmoja na jina la kila mtu, halafu linganisha na alichoamua jaji.